Bwawa Halisomi Jina la Mpira

"Kitendawili!" alisema Mama Vifungo, akaweka mezani kitu alichokuwa amekifunga kwa kipande cha bitana.

"Tega," alijibu mumewe, macho yakiwa bado kwenye redio aliyokuwa akiifungua kwa bisibisi.

"Nyumba yangu nyeupe, kuta zake zote zina vishimo, na mvua haiingii."

Fundi Saa akaiweka bisibisi chini, akakuna kidevu. Katika nyumba nyingine anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Katika nyumba hii hutoa chai. Walikubaliana hivyo tangu wakiwa wachumba, maana bibi arusi alisema miji hainyweki. Kwa hiyo mzee hakuwa na haraka ya kushindwa. Jiko lilikuwa mbali na kiti kilikuwa kitamu.

"Mzinga wa nyuki," alisema.

"Mzinga mweupe uliuona wapi, baba?"

"Basi... mpira wa gofu."

"Umepata. Fungua."

Ndani ya bitana mlikuwa na boksi dogo la rangi ya tofali, na ndani ya boksi mipira imelala kama mayai ya kuku mwenye nidhamu. Fundi Saa alilisoma jina lililoandikwa juu, midomo ikicheza. Akaligeuza boksi, akasoma upande wa pili, kana kwamba jina la kweli lilikuwa limefichwa huko.

"Hawa ni nani?"

"Watengeneza mipira."

"Hilo nimeliona. Nauliza ni nani. Sijawahi kuwasikia."

"Na wewe ulipokuwa unatengeneza saa, kuna mtu wa mbali aliyewahi kukusikia?"

Mzee akacheka puani. Kisha akauliza lile ambalo mkewe alikuwa akilingoja. "Bei gani?"

"Zawadi haiulizwi bei."

"Mama Vifungo."

"Fundi."

Mkewe akilitamka neno hilo kwa sauti ile, mazungumzo yamefungwa kama zipu, na Fundi Saa alijua hivyo. Lakini alikuwa mtu wa mahesabu madogo madogo, na alivyoliona boksi lile, karatasi yake laini na kifuniko kinachoziba bila kulazimishwa, alikisia mwenyewe. Ilikuwa mipira ya bei kubwa. Kubwa kuliko hata ya ile mipira ya jina maarufu ambayo kila mtu uwanjani aliisifu na wachache waliinunua.

Na kweli ilikuwa hivyo. Mama Vifungo aliilipia kwa vifungo vya miezi mingi, hakumwambia mtu. Alikuwa na kibanda sokoni, upana wake mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na humo aliuza vifungo, nyuzi, zipu, sindano na lastiki. Watu walimwita Mama Vifungo mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Si kwamba alikuwa na mapenzi na gofu. Kwake yeye ulikuwa mchezo wa watu wazima kupoteza kitu makusudi na kwenda kukitafuta. Lakini wiki iliyopita, mumewe akiwa anavua viatu mlangoni, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Msimu huu ukiisha nauza fimbo. Mpira wangu hauvuki tena bwawa la shimo la sita. Mtu ajue wakati wake."

Mama Vifungo aliitikia "mm," akaendelea kuchambua mchele, lakini kuanzia hapo alichambua mchele na kutupa mchele, akabakiza mawe.

Maana alikumbuka. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu zao, karakana ya mumewe ilipungukiwa wateja mpaka akaifunga. Zile saa za ukutani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua alizileta nyumbani, akazitundika sebuleni, akaketi kuzitazama. Asubuhi anazitazama, jioni anazitazama. Ukimsalimu anaitikia, ukimpa chakula anashukuru, ukirudi sahani unaikuta kama ulivyoileta. Mama Vifungo aliishi na mfiwa, isipokuwa aliyefiwa na aliyekufa alikuwa mtu mmoja. Ni mdogo wake wa kiume aliyekuja siku moja na fimbo za kuazima, akamkokota shemeji yake mpaka kwenye uwanja wa gofu wa manispaa, uwanja wenye kipara huku na nywele kule. Jumamosi ile Fundi Saa alirudi na matope kwenye suruali, akasema ana njaa.

Sasa anataka kuuza fimbo. Mama Vifungo alizitazama zile saa ukutani, zote zikisema saa ileile, akaona kiti kinamngoja mumewe.

Huyo mdogo wake aliitwa Breki. Aliendesha mabasi ya wafanyakazi wa kiwandani mpaka akastaafu, na sifa yake ilikuwa kwamba kabla ya kufunga breki hupiga kelele "Shikamaneni!" hata kama mbele hakuna kitu. Jioni ileile alifika, akaliona boksi.

"Dada," alisema, akilinusa. "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Gunia liko wazi, mbuzi unamwona."

"Namwona, lakini ukoo wake siujui. Mpira una jina kama la dawa ya kikohozi! Shemeji, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi napiga mpira wa jina kubwa tu, mpira wa mabingwa."

"Unaouvua bwawani kwa wavu," alisema Fundi Saa.

"Umezama na jina lake, umetoka na jina lake. Samaki akioshwa anaacha kuwa samaki?"

"Mdogo wangu," alisema Mama Vifungo, "shati ulilovaa, vifungo vyake ni vya nani?"

Breki akajitazama kifuani. "Vyangu."

"Nauliza jina la aliyevitengeneza."

"Nitalijulia wapi?"

"Lakini tumbo lote hilo vimelishika."

Fundi Saa alicheka mpaka akafuta macho, naye mkewe akafurahi, ila aliona pia kwamba amefuta macho kwa nyuma ya mkono, vidole vimekunjwa. Siku hizi alifanya hivyo. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kibano na vigurudumu vidogo kuliko chawa maisha yake yote, na sasa kifundo cha kidole gumba kilikuwa kimevimba kama tunguja. Hakuna aliyeruhusiwa kukiona. Akishikwa mkono kwa salamu alitoa ncha za vidole, akausingizia mkono kuwa una grisi, hata Jumapili.

Alitaka kuupima mpira. Fundi hawezi kukaa na kitu asichokipima. Alikuwa amesikia kwamba mpira wa gofu ukiuweka uelee kwenye maji ya chumvi nyingi na kuuzungusha, kama haukutengenezwa sawasawa, upande mzito utarudi chini kila mara. Basi likaletwa beseni.

"Si chumvi yangu yote!" alilia Mama Vifungo.

"Sayansi, dada," alisema Breki, akimimina.

Wazee wawili wakainamia beseni kama wanaotazama mtoto mchanga akioga. Fundi Saa aliugusa mpira mgeni, ukazunguka, ukatulia. Akauzungusha tena, ukatulia na uso mwingine. Kila mara uso mwingine. Ule wa Breki, uliotoka bwawani, ulirudia ubavu mmoja kama mtu mwenye jipu upande wa pili.

"Umekaa sana majini," aliutetea Breki. "Umechoka."

"Usione vyaelea," alisema Mama Vifungo, "vimeundwa."

"Umeundwa vizuri," Fundi Saa alikubali. "Hilo sibishi."

"Na bei yake je, inastahili?" aliuliza Breki.

"Chumvi haipimi bei. Tutaona Jumamosi."

Jumamosi Mama Vifungo alifunga kibanda asubuhi, jambo ambalo wateja wake hawakulizoea, akaenda na chupa ya chai kuketi kwenye benchi la shimo la sita, pembeni ya bwawa. Lilikuwa bwawa la kawaida, lenye matete na vyura. Lakini kwa watu wa uwanja ule lilikuwa kama mkwe mkali: kila mtu alilivuka kwa heshima.

Mumewe alikuja, akachomeka kijiti ardhini, akauweka juu yake mpira mpya. Akavuta fimbo nyuma, taratibu, akapiga.

*Pu.*

Kama ngumi kwenye mto wa kulalia. Fundi Saa hakuufuata mpira kwa macho. Aliinamisha kichwa pembeni, sikio juu, vile alivyokuwa akifanya karakanani mteja akileta saa. Mpira ulipaa, ukatua majini, chubwi, karibu na matete.

"Jina kubwa, jina dogo," alisema Breki, "bwawa halisomi."

"Niazime wako."

Breki akatoa mfukoni mpira wa mabingwa, akaufuta kwenye shati. Fundi Saa akapiga. *Ta!* Mlio mkavu, safi, kama kijiko kwenye glasi. Uso wake ukang'aa. Mpira ukapaa, ukatua majini, chubwi, karibu na matete yaleyale.

"Umesikia?" alimgeukia mkewe.

"Nimesikia. Na nimeona yote miwili imeingia kitanda kimoja."

"Achana na ilikoingia. Sikiliza mlio. Saa nzima husema ta, ta, ta. Siku ikianza kusema pu, ina maradhi tumboni. Mpira huu umekufa, mama. Hauna roho."

"Debe tupu ndilo lenye kelele, Fundi."

Safari hii hakucheka. Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma mkewe kuliko hasira: "Urudishe. Waliokuuzia wamekuonea. Usipoteze vifungo vyako kwa ajili ya mzee."

Siku hiyo alimaliza mchezo kwa mipira ileile mipya ya boksi, maana ya zamani aliiacha nyumbani na Breki alikataa kumwazima mwingine ("Bwawa linanila mimi, shemeji, si wewe"). Kila alipopiga alitikisa kichwa kusikitikia ule mlio. Jioni walipoketi sebuleni, Mama Vifungo alimmiminia chai, naye mzee akakishika kikombe kwa mkono mmoja, kwenye kishikio chake, akanywa.

Mama Vifungo alitazama. Kuna kitu kilichomgusa, kama unapopitisha kiganja juu ya shati lililokamilika na kuhisi mshono mmoja haukulala kama mingine. Hakukijua ni nini. Akaondoa vyombo.

Jumamosi iliyofuata mzee alirudi kwenye mipira ya zamani. Aliporudi nyumbani alikuwa mchangamfu, akasimulia ta hii na ta ile. Alipopewa chai, alikikumbatia kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto. Halafu akaunyoosha mkono wa shati mbele ya mkewe bila kumtazama.

"Kifungo hiki kigumu," alisema. "Nifungulie."

Kifungo kile hakikuwa kigumu. Mama Vifungo alikuwa amekishona mwenyewe. Akakifungua, na hapo mshono ukaonekana. Kila Jumamosi ilikuwa hivi, kikombe kwa viganja viwili na kifungo kigumu. Kila Jumamosi isipokuwa ile moja.

Angeweza kusema, "Mume wangu, mkono unakuuma." Lakini kuna maneno ambayo mtu aliyekaa na mwenzake muda mrefu hawezi kuyasema, kwa sababu ameyanyamazia sana mpaka yamekuwa sehemu ya fanicha. Kwa hiyo alisema:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mtumishi wangu amenilisha maisha yangu yote. Leo anaumwa, namficha wageni wasimwone."

Saa zote za ukutani zilisikika. Fundi Saa alitazama chini, kwenye mapaja yake, alipokuwa amemlaza huyo mtumishi. Jibu lilikuwa pale, hata mtoto angelipata.

"Nimeshindwa," alisema. "Chai ni yangu."

Akainuka kwenda jikoni. Mama Vifungo alimsikia akifungua bomba. Akalisikia birika likijaa, likinyanyuliwa, kisha likarudishwa chini kwa kishindo, na maji yakamwagika. Alingoja aitwe. Hakuitwa. Alipokwenda, alimkuta amesimama ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akilitazama birika kama mtu aliyetukanwa na mtoto.

"Birika lako linavuja," alisema Fundi Saa.

"Litakuwa linavuja," alisema mkewe, akachukua kitambaa akapangusa.

Jumatatu alikwenda kwenye duka la uwanjani na boksi mkononi. Aliyekuwa anauza pale alikuwa binti mmoja mwembamba mwenye miwani, ambaye mwenye duka alimcheka waziwazi kwa kuagiza mipira ya watu wasiojulikana. Alipoliona boksi, uso ukamshuka.

"Unarudisha, mama?"

"Kwanza nikuulize. Mume wangu amepiga mpira wako, umeingia majini. Amepiga wa jina kubwa, nao majini, palepale. Sasa hii bei ya ziada ni ya nini?"

Binti angeweza kumimina maneno ya biashara. Alivua miwani, akaifuta.

"Sikukuambia utakwenda mbali zaidi, mama. Kwa pigo la taratibu, huu na ule ni ndugu. Kijana mwenye nguvu namwambia kabisa, chukua wa bei ya chini, nunua soksi kwa pesa inayobaki. Lakini wewe nilikuuliza mikono yake ikoje."

"Nikasema ya mtu mzima."

"Ukaangalia mlango, kama unaogopa atasikia. Nikakuambia huu ni laini."

Mama Vifungo alikumbuka. Alikuwa amelisikia neno hilo na kulipuuza, maana sokoni hata gunia la mkaa muuzaji hukuambia ni laini.

"Laini maana yake nini, binti yangu? Niambie kama unamwambia bibi yako."

"Maana yake ukiupiga, mtikisiko hauji wote mkononi. Mpira wenyewe unaumeza. Ndiyo maana haulii."

"Haulii kwa sababu umemeza," alirudia Mama Vifungo polepole. Akalikumbatia boksi. "Haya. Sirudishi."

Sasa shida ilikuwa moja. Mumewe alikuwa ameshatoa hukumu kwa sikio, na sikio la Fundi Saa halikuwa na rufaa. Fimbo zilikuwa zimeshapigwa rangi ya kung'aa, zimesimama nyuma ya mlango, na Breki alikuwa ameombwa amtafute mnunuzi. Ukimwambia mume "piga huu kwa ajili ya mkono wako," atakataa, kwa sababu kukubali ni kukiri. Alifikiri akipanga zipu, alifikiri akikata lastiki. Kisha akachukua robota dogo la pamba aliyoiuza kwa wajaza mito, akanyofoa vipande viwili.

Jumamosi alifika uwanjani kabla hawajaanza, akawakuta kwenye nyasi za mazoezi, mkabala na bwawa.

"Mnapenda kupima," aliwaambia. "Leo pimeni kwa haki. Fundi, sikio lako lina upendeleo. Tutaliziba. Breki atakuwekea mipira, jina likiwa chini, usijue upi ni upi. Wewe piga, halafu sema unausikiaje mkononi. Basi."

"Mkononi?" aliuliza mzee haraka.

"Mkononi, mguuni, popote. Au unaogopa utaukosea mpira wako wa mabingwa?"

"Shemeji," alisema Breki, "hapo umechokozwa."

Fundi hakatai kipimo cha haki. Mama Vifungo akamziba masikio kwa pamba, akaisukumia ndani kama anayejaza mto, mpaka mzee akawa anauliza "Eeh? Eeh?" kwa kila neno. Breki akainama, akaweka mpira wa kwanza.

Fundi Saa akapiga. Mpira ukaenda. Mama Vifungo hakuutazama mpira, alitazama kidole gumba. Aliona mkono mzima ukishtuka, na midomo ya mumewe ikibana. Ni mbano wa haraka, ambao mtu aliyekuwa akisikiliza *ta* asingeuona, wala mwenyewe hakuwahi kuukubali.

"Mwingine!" alisema mzee.

Breki akaweka mwingine. Fundi Saa alijikaza kabla ya kupiga, mabega juu, kama mtu anayesubiri sindano. Akapiga. Akabaki amesimama na fimbo hewani. Akautazama mkono wake, akaukunja, akaukunjua. Sindano haikuja.

"Weka kama huo!"

Breki akaweka. Akapiga. Akasimama tena. Uso wake ukawa wa mtu aliyefungua saa iliyoletwa kama takataka na kukuta ndani inatembea.

"HUU HAUUMI!" alipiga kelele.

Mtu aliyezibwa masikio hajui ukubwa wa sauti yake. Vyura walinyamaza. Ndege waliokuwa kwenye matete wakaruka. Kwenye shimo la nne watu wakageuka, mmoja ameshika kofia.

"MAMA! HUU HAUUMI HATA KIDOGO! ULE MWINGINE UNANIUMA MPAKA KIWIKONI, MIMI NILIDHANI NDIVYO MIPIRA YOTE ILIVYO!"

Ndipo akaziona nyuso. Taratibu akachomoa pamba, sikio moja, halafu la pili.

"Nimesema kwa sauti?"

"Mpaka mlinzi wa geti amekusikia," alisema Breki. Lakini hakuwa anacheka. Alikuwa amelikazia macho lile gumba lililovimba ambalo shemeji yake, kwa kusahau, alikuwa ameliacha wazi juu ya fimbo. "Linakuuma tangu lini?"

Fundi Saa alimtazama mkewe. Mama Vifungo alitazama bwawa, kwa adabu.

"Tangu karakana," alisema mzee. "Lilianza kwa saa za kike, zile ndogo. Nilisema litapita."

"Na fimbo unaziuza kwa sababu ya hilo?"

"Mtu wa mikono, shemeji, mikono ikiisha, amebaki na nini? Nikaona heri niseme bwawa limenishinda. Bwawa halina aibu."

Breki aliutupa mpira juu, akaudaka, akautupa, akaudaka. "Mimi nilidhani umenichoka mimi," alisema. "Kelele zangu. Nilijua tu, sasa anaondoka kwa ustaarabu."

"Kelele zako nimezizoea."

"Ungesema! Mficha uchi hazai, shemeji!"

"Kwa umri huu sina mpango wa kuzaa."

Mama Vifungo ndiye aliyeanza kucheka, kisha Breki, kisha mwenyewe, na watu wa shimo la nne walipoona wazee wanacheka, nao wakarudi kwenye mambo yao.

Walicheza. Walipofika ukingoni mwa bwawa, Fundi Saa akasita. Mpira mgeni haukuwa umemwongezea mbawa, alijua hivyo. Breki akamshika bega.

"Nikuambie kitu cha dereva. Nimeendesha basi kazi yangu yote, na sijawahi kuruka bonde hata siku moja. Nilizunguka. Na abiria walifika."

Fundi Saa akalitazama bwawa, akatazama nyasi za pembeni zilizokuwa pale siku zote. Akapiga pigo dogo, kushoto. *Pu.* Akapiga jingine, mpira ukalikwepa bwawa, ukatua ng'ambo, mkavu. Hakuna aliyeshangilia, ila Mama Vifungo aligundua kwamba kifuniko cha chupa ya chai alikuwa amekikaza mpaka hakifunguki.

"Sasa sema ukweli," alidai Breki. "Bei ile na jina lile la dawa ya kikohozi. Inastahili?"

Fundi Saa aliufikiria mkono wa Breki, mkono wa usukani, mpana kama sinia. "Kwa mkono wako, hapana. Endelea na samaki wako wa bwawani. Kwa huu wangu..." Akaukunja na kuukunjua tena, kama aliyerudishiwa kitu alichoazimisha. "Kwa huu wangu, ndiyo. Wala usiniulize tena ni nani waliotengeneza. Waambie tu wanajua kazi."

"Nionjeshe mmoja."

"Si umesema mbuzi wa gunia?"

"Nimeona ukoo wake. Nionjeshe, shemeji, nami nina bega!"

Akapewa. Breki hakuwa mtu wa kuzunguka kwa jambo linalomhusu mwenyewe. Alipiga kelele "Shikamaneni!" akaupiga kwa nguvu zake zote moja kwa moja juu ya maji. Mpira ulipaa vizuri, ukaonekana umevuka, ukabadili mawazo. Chubwi.

Wavu ulikuwa nyumbani. Breki alisimama ukingoni. Mipira ya mabingwa aliizoea ikizama, alisema tu "nitakuja kuivua." Huu aliutazama ulipozamia, akamtazama dada yake, akakumbuka vifungo vingapi vimelala pale chini. Akaketi kwenye nyasi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Wewe, mdogo wangu, utapata homa!"

"Niache, dada. Nimeuona ulipoingia."

Akakunja suruali, akaingia, matope yakimlamba magoti, akipapasa chini kwa mikono miwili huku vyura wakimkimbia.

"Kitendawili!" Mama Vifungo alipaza sauti kutoka benchini.

"Tega!" alijibu mumewe.

"Juzi alimcheka hana ukoo, leo anamvulia viatu."

"Jibu ni mimi!" aliguta Breki kutoka majini. "Nani hajui ni mimi! Toeni chai!"

"Hukuulizwa wewe," alisema Mama Vifungo. "Fundi?"

Fundi Saa alimtazama shemeji yake aliyezama mpaka mapajani. Akamtazama mkewe. Alikuna kidevu kwa kidole gumba kilekile, mchana kweupe, mbele za watu.

"Nimeshindwa," alisema. "Tukifika nyumbani, birika ni langu."